Kengele Iliyogoma Kunyamaza

Wa nyuma kule, msisinzie kwanza. Mfano wangu ni mfupi.

Kulikuwa na fundi redio mmoja aliyefiwa na mkewe, akabaki na binti mmoja tu. Huyo binti akaigawa cherehani ya marehemu mama yake bila kuuliza, na fundi akamwambia, "Usikanyage tena hapa." Binti akaomba radhi, akatuma watu wamwombee msamaha. Wapi! Fundi akawa anapika ugali wa mtu mmoja, anakula huku redio za wateja zikimsemesha. Upweke ulimtafuna, jamani, ila kukiri hataki.

Siku moja muuguzi wa zahanati akamwagiza kengele ya kulinda friji ya chanjo. Betri ya sola ikishuka chini ya kiwango, ilie, ikijaa, inyamaze. Fundi hakuwa na chipu ya kulinganisha umeme. Akachukua ya kukuza sauti, ile yenye kasi kweli kweli, akakata waya wake wa kurudisha. Waya huo ndio unaoiletea chipu habari ya kile ilichokitoa, ijue kama imezidisha. Bila huo inabaki na majibu mawili tu: juu kabisa au chini kabisa.

Muuguzi alipokuja kuichukua, fundi akashusha umeme. Kengele ikalia papo hapo. Akaupandisha tena, nayo ikaendelea kulia.

"Fundi, mbona betri imejaa na bado inapiga kelele?"

"Imeganda, mama. Ni nyepesi kuamua, lakini ikishafika mwisho hairudi. Mpaka niizime."

"Kwani haisikii?"

"Itasikiaje, na waya nimeukata mwenyewe?"

Muuguzi akamtazama. "Na binti yako, baba? Akija leo utamkaribisha?"

Fundi akapaza sauti kuishinda kengele: "Nilishasema! Sirudi nyuma!"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Nimekuja naye. Yuko hapo nje, anasubiri nimwite."

Fundi akaruka, kiti kikaanguka. Nje hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na hotipoti ya chakula, na pembeni yake cherehani ya marehemu, imefutwa vumbi vizuri.

Sasa sisi tuliokaa hapa. Nani anakuletea habari ya maneno yaliyotoka kinywani mwako? Mkeo akikwambia, "Hapo umezidi," unamjibuje? Mwanao je? Tunakata waya kwa mikono yetu, halafu tunamlilia Mungu kwamba nyumba imenyamaza. Yeye anatupima kila siku na kila siku tunapungua, lakini mlango wake hajaufunga. Sisi tumepata wapi huo ugumu?

Mtaniuliza kama fundi alimfikia binti yake. Sitawaambia. Kuna mtu humu ndani anaujua mlango ninaousema, na hivi sasa anaangalia viatu vyake. Wewe ndugu yangu, ile hotipoti ilikuwa bado ya moto. Mtu hajafika mbali. Inuka umkimbilie, hata kama sijasema amina.