Mtunzi Mgeni wa Kikundi cha Mashariki

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii ikishaondoka haisimami njiani. Wengi wameisimulia wakaiharibu. Hii hapa ndiyo yenyewe.

Mwaka huo jua liliwaka katika bonde la Lukunde mpaka vyura wakasahau kuogelea. Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu, na samaki wa mwisho walionekana wakihama kwa miguu, anayebisha hakuwapo. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi iliyo chini ya Mwamba Mwekundu. Na Mwamba Mwekundu ulikuwa wa Simba.

Simba hakuwa mchoyo. Alikuwa na majivuno, na heri angekuwa mchoyo. Hakufungua chemchemi kwa machozi ya mtu, alifungua kwa kuheshimiwa. Desturi ilikuwa hivi: kiangazi kikikaza, kila upande wa bonde ulileta kikundi chake cha dansi mbele ya mwamba. Dansi lazima iwe mpya, haijaonwa na jicho lolote. Ikimpendeza, Simba husimama kwa miguu yake yote minne, na upande huo hunywa mpaka mvua zirudi. Asiposimama, mnarudi kwenu mkalambe mawe. Na akisimama, mtunzi wa dansi ndiye anayekunywa wa kwanza, dansi ikishakwisha.

Upande wa Mashariki ulikuwa na Kikundi cha Dansi ya Kisasa, na mkuu wake alikuwa Kanga. Huyu Kanga alikuwa na kila sifa njema isipokuwa moja: alijali mno watu watasema nini. Akitembea, anageuka nyuma kuona nani anamtazama. Mwaka uliopita walicheza vizuri tu, lakini Simba alipiga miayo mpaka wageni wakahesabu magego yake. Upande wa Mashariki ukapitisha kiangazi kizima ukinyonya mizizi. Sasa Kanga alikuwa na vifaranga wachanga, wanafumbua midomo asubuhi na kuifumba jioni bila tone. Kila alipowatazama, moyo ulimruka.

"Wenzetu wa Magharibi walimleta Kasuku kutoka mbali," aliwaambia wenzake. "Simba akasimama. Sisi tuna nini? Tuna Kobe."

"Kobe yuko hapa anakusikia," alisema Kobe. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma mkuu wa kikundi, mzee mzito wa mwendo na mgumu wa kubadilika. Hakuwahi kupiga pigo bila kwanza kuitazama miguu ya wachezaji, nao wachezaji hawakuwahi kunyanyua mguu bila kuisikia ngoma yake. Kazi ya kikundi ilizaliwa hivyo siku zote, uwanja mmoja, mguu na ngoma vikiulizana.

"Sikukusudia kukuvunjia heshima, Mzee Kobe. Ila zama hizi ni za kushirikiana na wageni. Msanii mgeni! Mtunzi mgeni! Watu wakisikia tu, wanakaa wima."

Basi akaitwa Sungura.

Sungura alifika amejifunga kitambaa shingoni katika joto la kuivisha mayai, na vibuyu vitupu vimemning'inia kiunoni. Alisema ametunga kwa ajili ya tembo wa kaskazini na heroe, wale ndege wa maziwa ya chumvi. Tembo hawakuwapo pale kukanusha, na heroe hawakuulizwa.

"Bwana Sungura," alisema Kanga kwa unyenyekevu, "vibuyu hivi ndivyo vyombo vyako vya muziki?"

"Kwa sasa, ndiyo," alijibu Sungura. "Baadaye vitakuwa vya maji. Mtunzi hunywa wa kwanza, si ndivyo desturi yenu? Desturi nzuri sana. Na karanga ziko wapi?"

Karanga zikaletwa, zile za akiba. Alipokwisha kuzila, alitazama uwanja, akautazama tena, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mnafanyia kazi hapa? Wote pamoja?"

"Ndiyo, siku zote."

"Ndiyo maana Simba alipiga miayo! Macho yakizoeana na masikio, sanaa inakufa. Mimi kazi yangu ni ushirikiano, na ushirikiano wa kisasa unaanza kwa kutenganishwa."

Mara hiyo hiyo wachezaji wakapelekwa nyuma ya kilima: Swala, Ngiri na Fisi. Wapigaji, yaani Kobe na Nyani, wakashushwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Ikapigwa marufuku kuonana. Sungura akajichagulia kichaka katikati, kwenye kivuli, ili, alivyosema, ayasikie mawazo ya pande zote mbili.

Alikwenda kwa wachezaji. "Chezeni mnavyojisikia," aliwaambia. "Muziki wake ninao kichwani, unafuata miguu yenu."

"Mwalimu, mimi najisikia njaa," alisema Fisi.

"Njaa ndiyo dansi yenyewe! Tafuna, Fisi. Tafuna kwa taya la kushoto."

"Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita msanii," alisema Fisi, machozi yakimlengalenga, akaanza kutafuna gome la mti mzima.

Kisha Sungura alishuka mtoni kwa wapigaji. "Pigeni mnavyojisikia," aliwaambia. "Dansi yake ninayo kichwani, inafuata mikono yenu." Huko nako akala njugu za Nyani, akarudi kichakani kulala. Kila siku ilikuwa hivyo: anakula huku, anakula kule, analala katikati.

Kanga akipita kumchungulia, alimkuta amefumba macho.

"Umelala, Bwana Sungura?"

"Niko kwenye mchakato."

"Samahani. Na mchakato unakoroma?"

"Mara nyingine."

Wasiwasi ukamkaba. Siku moja, asubuhi, akavunja marufuku, akashuka mtoni. Alikuta Kobe anapiga mdundo mzito na mtamu mpaka akasahau kilichompeleka.

"Mzee Kobe, huu mdundo kautunga nani?"

"Mgeni."

"Kakufundisha?"

"Hapana. Alisema tupige, tukapiga. Kisha akasema amefurahi namna alivyoutunga."

Kanga hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda mbio nyuma ya kilima, akamkuta Swala anaruka anakunjuka kama upepo umevaa ngozi.

"Swala, mwanangu, nani kakufunza mruko huo?"

"Hakuna, mama. Nilijirukia mwenyewe, mgeni akasema ndio huo huo aliokuwa nao kichwani."

Hapo Kanga akaelewa yote. Mgeni hakutunga kitu. Alikuwa anauza kwa Kobe kazi ya Kobe, na kwa Swala kazi ya Swala. Angeweza kupiga kelele pale pale, na kelele za kanga mnazijua. Lakini nani alimwita mgeni? Nani alilitangazia bonde zima kwamba mwaka huu Mashariki ina mtunzi wa kimataifa? Akazimeza kelele zake, akaenda kichakani.

"Bwana Sungura, siku ya mwamba imekaribia. Unganisha basi ngoma na miguu."

"Kuunganisha ni pale pale mbele ya mwamba. Mshangao ni sehemu ya kazi."

"Na ataanza nani?"

"Usiharibu mshangao, Bi Kanga."

Kumbe swali hilo hilo pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kumuuliza. Na yeye, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa na usingizi unamwita, aliwajibu wote jibu moja. Wachezaji aliwaambia, "Wataanza wapigaji, nyie mfuate." Wapigaji aliwaambia, "Wataanza wachezaji, nyie mfuate." Akalala vizuri kabisa.

Siku ya mwamba, bonde zima lilijaa. Simba alikuwa amelala juu ya jiwe lake, manyoya yamechanwa. Kando yake alisimama Twiga, mshauri wake wa mambo ya sanaa, ambaye kwa urefu wa shingo yake aliaminiwa kuona mambo yasiyoonekana na wengine. Wapigaji waliwekwa upande mmoja, wachezaji upande wa pili. Jua lilikuwa limefika utosini.

Sungura akapanda jiwe dogo mbele ya Simba, akakohoa kisanii.

"Mheshimiwa! Kazi mtakayoiona ni yangu. Tangu ukucha hadi ncha ya sikio, ni yangu. Hawa wengine ni wasaidizi tu, mikono na miguu niliyoiazima. Karibuni."

Wachezaji wakasimama tayari, wakaingoja ngoma. Wapigaji wakainua mikono, wakaingoja miguu.

Wakangoja.

Nzi alipita, akasikika. Swala alimtazama Kobe kwa pembe ya jicho, Kobe naye akamtazama Swala. Nidhamu ya kikundi ilikuwa ya chuma: umeambiwa ungoje, unangoja. Ngiri jasho likamtiririka puani, hakulifuta. Tumbo la Fisi likanguruma, kisha likanyamaza kwa aibu.

Kanga alikuwa pembeni. Aliwaona vifaranga wake mstari wa mbele, midomo wazi. Basi, alijisemea, tumekwisha. Akamtazama Sungura. Masikio ya Sungura yalikuwa yamelala kabisa mgongoni, na mtu mwenye kazi yake halazi masikio hivyo.

Mara Twiga akashusha pumzi ndefu, nayo kwa shingo ile ilichukua muda kutoka.

"Kina," alisema. "Kina kirefu sana. Mnaiona kiu hiyo? Hawachezi kiu, Mheshimiwa. Kiu inawacheza wao."

Watu wa mbele wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nyumbu mmoja, ambaye hakuwahi kuelewa kitu maishani, akasema kwa sauti, "Nimeguswa." Simba akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliona kila mtu ameelewa isipokuwa yeye, na mwenye majivuno anaweza kuvumilia njaa lakini si hilo. Polepole akajizoa, mguu mmoja, wa pili, mpaka akasimama kwa miguu yote minne.

"Mimi," alinguruma, "niliielewa tangu mwanzo."

Umati ukalipuka kwa vigelegele. Masikio ya Sungura yakainuka yenyewe kama yamevutwa na kamba. Akavishika vibuyu vyake, akaanza kunyata kuelekea chemchemi.

"Mtunzi," alisema Simba, "mbona unaondoka? Imekwisha?"

Sungura akasimama. "Inakwisha pale atakapopenda Mheshimiwa."

"Basi mimi sipendi iishe. Kazi ya kunielewesha namna hii, iishe kwa nini? Iendelee mpaka jua litakapozama. Wote, kama mlivyo!"

Wachezaji walikuwa wamekauka ndimi kwa kiu. Vifaranga wa Kanga walikuwa wamelala ubavu. Kanga akaona maji yanameta pale chini ya mwamba, na kati yake na maji kuna upuuzi mmoja tu. Akisema kweli, kwamba hii si dansi bali ni watu wanaongojana, Simba ataaibika mbele ya bonde zima, na Simba aliyeaibika hafungui chemchemi, anafungua matumbo ya watu. Akinyamaza, watoto hawatafika jioni. Kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, Kanga hakugeuka kuona nani anamtazama. Akapiga hatua mbele.

"Mheshimiwa, umeamuru vyema. Ila hii kazi si yetu hata chembe. Mwenyewe amesema mbele yako: ni yake tangu ukucha hadi ncha ya sikio, sisi tumeazimwa tu. Sisi wasaidizi tukibaki hapo tunamchafulia. Mwache aicheze peke yake, iwe safi."

"Safi," alisema Twiga, akifumba macho. "Ndiyo. Mmoja, mwamba, na jua."

"Bi Kanga!" alinong'ona Sungura. "Unafanya nini, dada yangu?"

"Nakupa haki yako, kaka," alisema Kanga.

Sungura akafungua mdomo. Angesema nini? Aseme kazi si yake? Amekwisha kutangaza. Aseme si kazi? Simba alikuwa amesimama kwa ajili yake, na meno yake yalikuwa karibu. Akaufunga mdomo.

"Hewala," alisema Simba. "Mtunzi, panda juu hapa. Usitikisike. Wasaidizi, nendeni mkanywe."

Desturi ya mtunzi kunywa wa kwanza haikuvunjwa na mtu. Dansi ilikuwa haijaisha, basi. Wakanywa wasaidizi, wakanywa wazee, na vifaranga wa Kanga walikunywa mpaka madoadoa yao yakatanuka. Sungura, juu ya jiwe lililochemka, alisimama kama mti, mguu mmoja umejiinua kwa joto na hathubutu kuushusha.

Kanga alipita karibu yake, mdomo unadondosha maji.

"Tone moja tu, Bi Kanga. Nitasema kila kitu ulichofanya ni chako."

"Ssh! Unaharibu mchakato."

Huko chini kwenye chemchemi, Kobe, tumbo limejaa, akaanza kugonga ngoma yake kwa raha zake tu. Ulikuwa mdundo ule wa mtoni. Swala akausikia, akamtazama mzee, na mzee akaitazama miguu yake. Akaruka ule mruko wa nyuma ya kilima, na mruko ukaangukia mahali pake kwenye mdundo kama umeumbiwa pale. Ngiri akaingia. Nyani akaingia. Fisi akaingia akitafuna. Haikuwahi kuonekana dansi kama ile katika bonde la Lukunde, na hii si porojo.

Simba, aliyekuwa amekwisha kujilaza tena, akakunja pua. "Hizo kelele za watu walioshiba maji," alisema, "nani atazinyamazisha? Sisi tuko kwenye sanaa hapa."

Lakini mdundo ulipanda mwamba, ukamfikia Sungura. Ukampanda kwenye unyayo, ukapita gotini. Akajizuia. Akauma kitambaa chake. Mwisho mguu wa nyuma ukamsaliti: pu, pu, pu, juu ya jiwe.

"Mtunzi," alisema Simba, bila kufumbua macho yote, "umetikisika."

"Samahani, Mheshimiwa."

"Umeiharibu. Anza upya. Na safari hii tutahesabu mpaka jua la kesho."

Hivyo akija kwenu mtu akasema kazi yote ni yake, msishindane naye. Mwachieni yote, na jua lake.