Maandazi ya Mlangoni kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana, wakijenga na kununiana kwa ajili ya matumizi ya jikoni kama sisi, alikuwapo mama mmoja wa pimbi, jina lake Bi Mashavu. Pimbi mnamjua? Kanyama ka kwenye mawe, hakana mkia, hakamzidi paka. Wewe unayetafuna karanga, acha kwanza. Utanitia njaa, na hadithi hii ni ya njaa.

Bi Mashavu alikaa pangoni na mumewe, mvunja kokoto, na watoto wao watatu. Mshahara ukiingia, nyumba nzima shangwe. Mwezi haujafika nusu, kwisha! Watoto wanakunywa uji usio na sukari, na siku nyingine hata uji wenyewe hakuna.

"Mama watoto, hela unazipeleka wapi?" mumewe akauliza.

"Dukani! Unadhani nazichoma moto?"

Na ni kweli. Duka lilikuwa moja tu, la Bwana Kiboko. Lo, mzee yule! Jioni, saa ya watu kurudi na njaa zao, anabandika karai la mafuta mlangoni. Chwaaa! Maandazi yanaumuka, harufu ya iliki inakushika pua inakuvuta ndani. Umetumwa unga, unarudi na maandazi, kashata na biskuti. Unga umeusahau.

Siku moja Bi Mashavu akapekua jikoni kwake. Akatoa paketi ya chumvi. Akatoa nyingine. Akatoa nyingine tena!

"Ala! Kumbe nina chumvi ya kukaushia samaki wa kijiji kizima, na bado nanunua!" Aliona aibu mpaka akacheka peke yake.

Jumapili akawakalisha mume na watoto. Wakatazama kilichopo ndani, kisha wakapanga watakachokula wiki nzima: leo maharage, kesho maharage yaliyobaki na chapati, keshokutwa mchicha unaojiotea maweni. Akawagawia watoto kazi.

"Wewe ni unga. Wewe ni mafuta. Tukifika dukani kila mtu aseme chake. Kisichotajwa hakinunuliwi."

"Na mimi je?" akalia Kidawa, kitinda mimba.

"Wewe ukiniona nimeduwaa mbele ya kitu kingine, piga kelele: Twende nyumbani!"

Wakala viazi wakashiba, ndipo wakatoka. Dukani ikawa, "Unga!" "Mafuta!" "Twende nyumbaniii!" Kiboko kabla hajageuza andazi la kwanza, wenzake wameshatokomea.

Mwezi ule uliisha na pangoni bado kuna sukari. Majirani wakaiga. Kina Digidigi nao wakaja na wanao, kila mmoja na chake mdomoni. Maandazi yakalala, yakakauka, ukitaka unapigilia nayo misumari. Kiboko akafura. Jioni moja, watu wamejaa dukani, akamzuia Bi Mashavu mlangoni.

"Bi Mashavu, umeniharibia biashara! Sikiliza. Kesho utakaa mlangoni hapa tangu asubuhi mpaka jua lizame. Ukinunua chochote, hata andazi moja, pango lenu nalichukua, liwe stoo yangu. Usiponunua, beba gunia la mchele. Ukikataa, unga wangu huupati tena. Nenda kamwombe mamba!"

Bi Mashavu akawaza. Pangoni mle ndimo alimozalia wanawe wote. Lakini bila unga atawalisha nini? Akainama kwa adabu.

"Sawa, mzee wangu. Ila tuwe sawasawa. Na wewe usiache kukaanga, wala usionje chakula. Ukionja, umeshindwa."

"Kuonja? Mimi mwenye duka?" Kiboko akacheka mpaka chupa za mafuta zikagongana. "Nimekubali, mbele ya watu wote hawa!"

Jamani! Mzee yule hakuwahi kujitazama. Kila akikaanga, moja la kuuza, moja la kuonja, eti aone kama iliki imekolea. Huko kuonja ndiko kulikokuwa chakula chake, na hakujua.

Asubuhi akaamka na haraka ya kupata pango, hata chai hakunywa. Bi Mashavu aliwashindilia wanawe viazi na uji mzito, naye akala, wakaja kuketi mlangoni. Majirani wakajaa kutazama.

Chwaaa!

"Shikamoo, mzee. Hilo limeumuka vizuri, rangi kama asali."

"Marahaba. Nunua basi!"

"Nimeshiba, mzee wangu. Nasifia tu."

Jua likafika utosini. Tumbo la Kiboko likaanza: ngurrr! ngurrr!

"Mzee, mvua inakuja?"

"Nyamaza wewe!"

Alasiri Kiboko akatoa kashata za nazi, bado za moto. Hapo sasa! Bi Mashavu naye alikuwa na roho yake, na kashata alizipenda tangu utotoni. Mkono ukaenda kwenye pindo la kanga, fundo la hela likaanza kulegea.

"Twende nyumbaniii!" Kidawa alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

Mama akalikaza fundo, jasho linamtoka. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti laini, "Mzee, andazi lile la pembeni limepasuka mgongoni. Ndani jeupe, linatoa moshi. Masikini, litapoa bila mtu wa kulila."

Mate yakamdondoka Kiboko kwenye karai. Pa! Pa! Mafuta yakaruka.

"Liko wapi?" akauliza, macho yamemtoka.

"Hilo hapo, chini ya pua yako."

Hap! Likaenda. Hap! La pili. Nyam, nyam, nyam! Sinia zima likaenda, na kashata juu yake.

"Kaonjaaa!" watu wakapiga kelele.

Kiboko akasimama, mashavu yamejaa, makombo kidevuni. Alitaka kubisha, ikatoka "Mmmh! Mmmh!" tu. Kidawa akamwonea huruma. Akamsogelea, akamgusa mguu, akamwambia polepole, "Babu, twende nyumbani."

Gunia likabebwa na kina Digidigi mpaka pangoni, na jioni ile kila jirani akala wali.

Basi, wanangu, panga nyumbani na ushibe kabla ya kwenda dukani, ukienda na njaa tumbo ndilo litakalonunua. Sasa wewe wa karanga, tafuna. Na utugawie.