Nusu ya Karakana ya Ndeonasia

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, palikuwa na mama mmoja pale Himo, jina lake Ndeonasia, aliyeanzisha karakana ya kutengeneza kompyuta. Madukani zilijaa kompyuta za kampuni kubwa, zinazojulikana mpaka na watoto. Zake hakuna aliyezijua. Kila asubuhi alipofungua mlango na kuyakuta maboksi yaleyale, aliingiwa na hofu.

Akawaita wafanyakazi wake watatu, akawaambia karakana inakufa. Atakayeleta mauzo ya kuiokoa, nusu ya karakana itakuwa yake.

Kiwelu, muuzaji, akaingia barabarani. Huku wakamcheka, kule wakamuuliza hizo kompyuta ni za kina nani. Hakukoma mpaka Mwalimu Shayo, mnunuzi wa vifaa vya shule zote za wilaya, akakubali kuja kutazama.

Elinami, fundi, akaunda kompyuta zisizojali vumbi wala umeme kukatika.

Aikande, ambaye kazi yake ni kuzijaribu, akazijaribu. Moja, ilipoachwa kwenye chaji muda mrefu, betri ilivimba, ikaunguza meza. Akamweleza Ndeonasia. Ndeonasia akaogopa, akamsihi anyamaze mpaka mgeni aondoke.

Siku ikafika. Mwalimu Shayo akaja na wenzake, akachomoa waya wa umeme, mashine ikaendelea kuwaka. Akaipulizia vumbi, ikaendelea. Kisha akauliza, "Kuna jambo hamjaniambia? Hizi zitashikwa na watoto."

"Hakuna," akasema Ndeonasia.

"Lipo," akasema Aikande, akaileta ile mashine iliyovimba, akaiweka mbele ya mgeni.

Mwalimu akatoka nje na wenzake. Ndeonasia akakaa sakafuni akijua yamekwisha. Alipowasikia wageni wakiteta nje, hakuthubutu hata kuchungulia.

Mwalimu akarudi. "Wauzaji wengine wote waliniambia hakuna," akasema. "Rekebisheni betri nione. Nitanunua kwenu."

Elinami akaziwekea kompyuta betri nyingine, Aikande akazijaribu, hazikupata moto. Shule zikanunua. Hapo ndipo hofu mpya ilipoanza.

Kiwelu akasema, "Dada Ndeo, bila miguu yangu huyu Mwalimu angelijua vipi jina lako?"

Elinami akasema, "Alinunua mashine, hakununua maneno. Na ilipoharibika, nani aliitengeneza?"

Kiwelu akamjibu kwamba aliyeiharibu ni yeye Elinami mwenyewe.

Aikande akasema polepole, "Mimi niliambiwa ninyamaze. Nilisema nikijua naweza kufukuzwa, na ndilo neno lililomrudisha."

Ndeonasia akawatazama mmoja mmoja. Alijua kampuni kubwa zimeshatuma watu kuwarubuni wote watatu wahamie kwao. Atakaowanyima wangeondoka, na karakana ingerudi palepale kwenye kufa. Akashika kalamu, lakini karatasi ya kugawa nusu ile ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Basi semeni nyinyi mliosikiliza, maana yeye alishindwa: nusu ile, nani aliistahili?