Swali la Nyongeza la Mheshimiwa Sungura

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja, na za masika nazo hazikuja. Bonde la Mikwaju likawa na rangi ya majivu. Mto ulikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, na wanyama wenye miguu mizuri walianza kufunga safari ya kuhamia huko. Wasio na miguu mizuri walibaki wakitazamana.

Mmoja wao alikuwa Bibi Kobe. Sungura, jirani yake, alimkuta asubuhi ametoa kichwa nje kidogo tu, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Utanisamehe, sauti imekauka. Nasikia mnahama."

"Wengi wanasema hivyo."

"Basi mniache. Mimi nikianza kwenda mtoni leo, nitafia njiani. Lakini hebu niambie, kisima chetu si kiko hapo tu, nyuma ya mawe? Kimekuwaje?"

"Waziri wa Maji anasema kimekauka."

"Waziri yupi, huyu Fisi? Jana kapita hapa anabeua. Sisi wote midomo imepasuka, yeye anabeua."

Masikio ya Sungura yakasimama. Yeye ndiye aliyekuwa mbunge wa bonde lile, na kura ya kwanza aliyopata ilikuwa ya Bibi Kobe.

"Bunge linakaa leo mchana," alisema. "Swali langu nilishalipeleka. Nitauliza."

"Uliza vizuri. Usiende kuhutubia kama Tembo. Na mimi nakuja kusikiliza. Naanza kutembea sasa hivi."

Fisi alipata uwaziri kwa sababu aliapa mbele ya wote kwamba yeye ni mtu wa nyama, maji hayamhusu. Siku aliyopewa kazi alikizungushia kisima uzio mnene wa miiba. Alisema ni kwa usalama wa wananchi. Chini ya uzio aliacha tundu moja, saa ya kuingia linamtosha vizuri, saa ya kutoka linambana tumbo.

Sasa, bunge la wanyama lina utaratibu wake. Mbunge anapeleka swali lake kwa waziri mapema, na waziri anakuja na jibu alilokwisha kuliandaa. Baada ya hapo mbunge anapewa maswali mawili ya nyongeza, moja baada ya jingine, na hayo waziri anayajibu kutoka kichwani mwake. Mbunge akiyapoteza, anakaa chini na kusubiri mpaka kikao kijacho. Na kitu kingine: huwezi kumwita waziri mwongo kama huna ushahidi. Ukimwita, unatolewa nje.

Simba alikuwa Spika. Alikaa juu ya jiwe refu kuliko mawe yote, manyoya ya shingoni yamechanwa, na mtu asipoanza na "Mheshimiwa Spika" alijifanya hamsikii.

Tembo ndiye aliyeanza. "Mheshimiwa Spika, kisima kile nakifahamu. Babu yangu mzaa baba alikunywa pale. Baba yangu naye—"

"Swali, Mheshimiwa Tembo."

"Naelekea kwenye swali, Mheshimiwa Spika. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo—"

"Muda wako umekwisha. Kaa."

Tembo akakaa, na vumbi likawafunika waliokuwa nyuma yake. Likaitwa swali la Sungura, lililouliza jambo moja tu: Serikali itafungua lini kisima?

Fisi akasimama, akakohoa kidogo. "Mheshimiwa Spika, kwanza nikupongeze, manyoya yako leo yamependeza sana. Sasa naomba kujibu swali la msingi la Mheshimiwa Sungura kama ifuatavyo. Serikali inatambua kiu ya wananchi. Lakini kisima kimekauka kabisa. Chini ni vumbi tupu, hakuna hata tone. Wataalamu wanaendelea na upembuzi yakinifu, na mchakato ukikamilika Bunge lako tukufu litajulishwa. Nawaomba wananchi waendelee kuwa wavumilivu."

Rafiki zake Fisi wakagonga mawe kwa kwato kumshangilia. Nyumbu, aliyekuwa hajanywa tangu juzi, akashindwa kuvumilia. "Huyu ni mwongo," alisema.

"Una ushahidi?" Simba akamuuliza.

"Nina kiu."

"Kiu si ushahidi. Toka nje."

Nyumbu akatoka. Bunge zima likamgeukia Sungura. Wote walijua kwamba maswali yake mawili yakiisha bila kitu, jioni ile safari ya mtoni inaanza, na Bibi Kobe anabaki peke yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema Sungura kwa upole, "namshukuru sana Waziri kwa majibu yake mazuri. Nina swali la nyongeza. Kwa kuwa kisima kimekauka na chini ni vumbi tupu, je, ikitokea nyati mnene, mwenye mafuta mgongoni, ameruka uzio usiku akatumbukia mle, na nyama yake ipo chini haijaguswa na mtu yeyote, Serikali itaigawaje nyama hiyo kwa wananchi?"

Neno "ikitokea" Fisi hakulisikia. Alisikia nyati, akasikia mnene, akasikia haijaguswa. Mate yakaanza kumdondoka juu ya jiwe.

"Huyo nyati," alisema, "ni mnene kiasi gani?"

"Mheshimiwa Spika, nilidhani mimi ndiye ninayeuliza."

Wabunge wakacheka. Hata Simba alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka cheo chake. "Waziri, jibu swali."

Fisi akameza mate. Nyama igawanywe? Kwa watu wote hawa? "Mheshimiwa Spika, swali hili ni zito, linahitaji takwimu. Nisingependa kulidanganya Bunge lako. Naomba ruhusa nikakague mwenyewe, halafu nirudi na majibu ya kina."

Simba akajivuna. "Mnaona, waheshimiwa? Hilo ndilo Bunge ninaloliongoza mimi. Waziri anakwenda kazini jua likiwa kali hivi. Nenda, lakini usinicheleweshe. Waziri anayemsubirisha Spika hukuta kiti chake kina mtu mwingine."

Fisi akatoka kwa hatua za heshima mpaka nyuma ya mawe. Kutoka hapo alitimka mbio.

Akapenya kwenye tundu, akachungulia kisimani. Kule chini aliona kitu kikubwa cheusi kimetulia juu ya maji. Kilikuwa kivuli chake mwenyewe, lakini mtu mwenye tamaa ya nyama haoni kivuli, anaona mgongo wa nyati. Akajitupa.

Bungeni Tembo akainua masikio. "Mheshimiwa Spika, nimesikia kitu kimetumbukia."

"Wewe muda wako ulikwisha, Mheshimiwa Tembo."

Fisi akatafuta kulia, akatafuta kushoto, akapiga mbizi mpaka puani kukaingia maji. Hakuna nyati. Hakuna hata ukwato. Alipopanda juu akishikilia mawe ya ukingoni, alikuwa amelowa mpaka mkiani, na Spika anamsubiri. Kurudi vile hawezi, kutorudi hawezi. Akaona dawa ni kujikausha, akajigaragaza kwenye vumbi kwa nguvu zake zote. Manyoya ya Fisi yana maji, vumbi ni la Bonde la Mikwaju. Unajua mwenyewe kilichotokea.

Aliporudi ukumbini, kilichoingia kilikuwa tope lenye macho mawili.

Fisi akasimama mahali pake, akajikaza. "Mheshimiwa Spika, nimefanya ukaguzi wa kina. Naomba kulithibitishia Bunge lako kwamba kisimani hakuna nyati. Ni vumbi tupu, kama nilivyosema."

Chini ya tumbo lake, tone likadondoka. Likafuatiwa na jingine.

Sungura akanyanyuka. "Mheshimiwa Spika, swali langu la pili la nyongeza ni fupi. Kwa kuwa Waziri anatoka kwenye vumbi tupu, je, amelowa wapi?"

Fisi akatazama jiwe la kulia, akatazama la kushoto. Kwenye jibu aliloliandaa nyumbani hapakuwa na kitu kama hicho.

"Ni jasho, Mheshimiwa Spika. Nimefanya kazi sana."

"Jasho lenye majani ya majini?" aliuliza Sungura, kwa sababu jani moja la kijani lilikuwa limemganda Waziri nyuma ya sikio, bichi kabisa, katika bonde ambalo hakuna aliyeona kijani tangu mwaka jana.

"Hilo ni swali la tatu," Fisi alisema haraka. "Kanuni ni maswali mawili. Hilo nitalijibu kwa maandishi."

"Kanuni ni kweli," alisema Simba. Akashuka polepole kutoka kwenye jiwe lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kikao. "Kwa hiyo la tatu nauliza mimi. Umesimama mbele yangu, ndani ya ukumbi wangu, ukasema hakuna hata tone?"

Fisi akafungua mdomo kujibu, badala yake akabeua.

Basi wakaenda wote. Hawakuhitaji kuonyeshwa njia, kwa sababu matone yalikuwa yamechora mstari kutoka kisimani mpaka bungeni. Simba aliamuru Fisi aung'oe uzio kwa mdomo wake mwenyewe, mwiba kwa mwiba, halafu awatekee maji wananchi wote, wenye miguu mibovu kwanza. Uwaziri uliishia hapo hapo. Na tangu siku hiyo maswali yote ya maji katika bunge lile huulizwa ukingoni mwa kisima, na waziri hujibu akiwa ameshika kibuyu, wote wanaona kama kimejaa au kitupu.

Fisi alijiandaa kwa kila swali la kichwa. Swali la tumbo lilimkuta hajajiandaa, na tumbo lake ndilo lililojibu. Anayekula haki ya wenzake anaweza kupata pa kukificha alichokula, lakini tamaa yake hana pa kuificha.

Jua lilikuwa linapoa, na Sungura alikuwa bado anacheka na wenzake, ndipo Bibi Kobe alipotokea kati ya mawe, anahema, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimechelewa?" aliuliza. "Maswali yameanza?"

"Yamekwisha, bibi."

"Haya. Waziri kajibu nini?"

Sungura akachukua kibuyu mikononi mwa Fisi, akakiweka mbele ya bibi. "Kajibu hiki."

Bibi Kobe akanywa mpaka chini, bila haraka, kama anavyofanya mambo yake yote. Akapumua. Kichwa chake sasa kilikuwa nje chote.

"Jibu ni zuri," alisema. "Lakini na mimi nina swali la nyongeza."

"Uliza, bibi."

"Kipo kingine?"