Barua ya Mama Mkwe

Somoe alikuwa amebangua korosho miaka tisa katika kiwanda kimoja cha Kusini, na hapakuwa na mashine ikohoe asijue inaumwa nini. Nafasi ya msimamizi ilipopatikana, akaiomba.

“Kazi unaiweza kuliko wote,” alisema meneja Mchopa, “lakini hapa mwanamke hasimamii.”

“Sawa, bosi. Shida yangu ni mama mkwe. Atasema nimenyimwa kwa uvivu. Niandikie hayo hayo, nipate heshima nyumbani.”

Meneja, aliyeupenda sana mwandiko wake mwenyewe, akacheka. Akaandika kwamba Somoe anaiweza kazi kuliko wote, ila amenyimwa usimamizi kwa kuwa ni mwanamke. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Somoe akaifutika barua kwenye pindo la kanga.

“Kwani mama mkwe wako anajua kusoma?”

“Hajui, bosi. Husomewa na mpangaji wake.”

“Mpangaji gani?”

“Yule afisa kazi mpya, anayeshughulikia kesi za ubaguzi.”

Meneja akanyoosha mkono. “Hebu nirudishie barua hiyo, mama.”

“Nitakurudishia,” alisema Somoe, akivuta kiti, “ukishaniandikia ile ya usimamizi.”