Arobaini Isiyokwisha ya Mfalme Tembo

Ngano inakuja.

Ije, tumekaa.

Inakuja polepole, imebeba uzito.

Ije, tutaisaidia kutua.

Basi kaeni vizuri. Siku hizi sisimulii kwa haraka.

Hapo kale, kale sana, babu wa babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na nchi kavu. Mvua ilinyesha Mungu alipopenda, na miaka mingine hakupenda. Katikati ya nchi ile ulipita mto wa mchanga. Juu ni mchanga mtupu, unaunguza kwato. Lakini chini ya mchanga yalikuwepo maji, maana Mwenyezi Mungu hakuumba viumbe akawasahau.

Tabu ilikuwa kuyafikia. Ngiri alichimba, akaishia magotini. Paa alichimba, mchanga ukamrudia machoni. Fisi alichimba, akachoka, akalala ndani ya shimo lake mwenyewe. Ni Tembo peke yake, mwenye mkonga mrefu na miguu mizito, aliyefika kwenye maji. Kwa ajili hiyo wanyama wakamfanya mfalme.

Wakakubaliana hivi. Kila usiku upepo hufukia kisima, kwa hiyo kila alfajiri mfalme achimbe. Na anayechimba tangu alfajiri hana nafasi ya kwenda malishoni. Basi kila kaya ilete fungu moja la majani, iliweke ukingoni mwa kisima. Mfalme ale pale pale, mkonga umejaa tope, kila mmoja akimwona.

Mzee Tembo alichimba miaka mingi. Ngiri alizoea kumtania.

"Mfalme, leo umechafuka kunishinda mimi."

"Kunywa uondoke, mjukuu wangu," Mzee Tembo alimjibu. "Unanirudishia mchanga kwa hiyo miguu yako."

Siku moja Mzee Tembo alikuwa anachimba, akapiga magoti, hakuinuka tena. Kila kilichoumbwa kina siku yake. Wanyama walimlilia kwa machozi ya kweli.

Alibaki mwanawe, Tembo kijana. Huyo wakamfanya mfalme.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa wema.

Katika nchi ile mfiwa hafanyi kazi. Haendi malishoni, haendi kisimani. Majirani humletea chakula mpaka arobaini. Hiyo ni desturi njema. Siisemi vibaya, nami nimekula chakula chake.

Basi wanyama wakamwambia Tembo kijana, "Bwana wetu, wewe kaa kule kilimani, kivulini. Fungu lako tutakuletea huko huko. Kisima alichoacha marehemu bado ni kirefu, tutafukuafukua wenyewe."

Tembo kijana akakaa kilimani. Mafungu yakapanda kilima. Siku arobaini zikaisha.

Ikafika siku ya arobaini na moja. Nani atakwenda kumwambia mfiwa kwamba msiba umekwisha?

"Aende Fisi," alisema Ngiri.

"Mimi?" alisema Fisi. "Mimi nikitokea penye msiba, watu wanahesabu maiti. Aende Kobe."

"Nikianza leo," alisema Kobe, "nitafika kwenye arobaini yangu mwenyewe. Aende Ngiri, ndiye mwenye mdomo."

Ngiri akatazama chini. "Kumwambia mtu aache huzuni yake namna hiyo, mimi siwezi. Tumpe siku chache."

Wakampa siku chache. Siku chache zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Waliozaliwa baadaye walidhani fungu limekuwa la kilimani tangu Mungu alipoumba nchi. Mfalme naye akanenepa, mkonga wake ukawa safi. Mlangoni pake akakaa Mbweha, kazi yake kupokea mafungu. Kila fungu lililopita mikononi mwake lilipungua kidogo.

Katika nchi ile aliishi Bi Paa. Mumewe alichukuliwa na Chui, mimba ikiwa tumboni. Akazaa mtoto mmoja, akamwita Tunu. Hakuwa na mwingine, wala hakutaraji mwingine. Huyo Tunu ndiye aliyekuwa dunia yake yote.

Ukaja mwaka wa ukame. Kisima kikaanza kufukiwa kuliko walivyoweza kufukua.

Bi Paa akachukua fungu lake, akapanda kilima mara ya kwanza.

"Hodi."

"Karibu, Bi Paa," alisema Mbweha. "Weka hapo. Mbona dogo?"

"Majani yameadimika. Na nimekuja na ombi pia. Kisima kinafukiwa, mwanangu anakunywa tope. Namwomba mfalme ashuke achimbe."

"Mfalme ana msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa baba yake."

"Baba yake alikufa mimi sijaolewa."

"Uchungu hauna tarehe, Bi Paa. Wewe mjane, hulijui hilo?"

Bi Paa alilijua hilo. Akateremka.

Siku zikapita. Kisima kikawa mchanga wenye unyevu tu. Wanyama wakawa wanauramba. Bi Paa akakusanya fungu lake, dogo kuliko la kwanza, akapanda kilima mara ya pili.

"Hodi."

"Bi Paa tena. Weka hapo."

"Nimwone mfalme mwenyewe, tafadhali."

"Sikiliza, mama," alisema Mbweha. "Kila kaya inatoa fungu moja. Moja tu. Hilo ndilo linalokuua? Wageni wa nchi nyingine wakipita, wakamwona mfalme wetu alivyonenepa kivulini, wanasema, kweli hii ni nchi. Tungekuwa na mfalme mwembamba, nani angetuheshimu?"

"Wageni wanasema nini, mimi sijui. Mwanangu hajanywa tangu jana."

Sauti nzito ikatoka kivulini. "Mbweha, nani huyo?"

"Si mtu, bwana," alijibu Mbweha. "Ni fungu."

Bi Paa akaliacha fungu lake pale, akateremka. Njiani alijipigia hesabu kwamba majani yale yangemtosha Tunu siku mbili.

Hasira ikaenea nchi nzima. Ngiri akaita baraza mtoni, kwenye kisima kilichokauka.

"Jamani," alisema Ngiri, "sisi tunakonda, yeye ananenepa. Ana miguu minne kama mimi. Ana mdomo. Akatafute chakula kama tunavyotafuta."

"Ndivyo," wakasema wanyama.

"Kuanzia leo fungu halipandi kilima."

"Halipandi."

Bi Paa akauliza kwa sauti yake ndogo, "Na kisima?"

"Kisima ni jambo jingine, shemeji," alisema Ngiri. "Kwanza tumalize la fungu."

Walikuwa na hasira na fungu kiasi kwamba la kisima hawakulirudia. Wakatawanyika kila mmoja akijiona ameshinda.

Siku ya kwanza fungu halikupanda. Siku ya pili halikupanda. Siku ya tatu mfalme akashuka mwenyewe. Wengi walikuwa hawajamwona maishani mwao, wakarudi nyuma.

"Mmeacha kuniletea chakula," alisema. "Nimewakosea nini?"

"Jilishe, bwana," alisema Ngiri. "Sisi tunajilisha."

Mfalme hakuwa mwovu. Alikuwa kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno.

"Vyema," alisema. "Nitajilisha."

Akaufuata mto wa mchanga mpaka mbali, kwenye kona ya miamba, penye majani machache yaliyobaki. Kule akachimba. Nguvu za baba yake zilikuwa bado mwilini mwake. Siku ya kwanza alipata unyevu, siku ya pili tope, siku ya tatu maji.

Habari zikafika. Wanyama wakakimbilia huko. Wakamkuta Mbweha amesimama njiani.

"Mafungu matatu," alisema Mbweha. "Atakayetaka kunywa alete mafungu matatu."

"Matatu?" aliuliza Ngiri. "Tulikuwa tunatoa moja."

"Lile lilikuwa la mfalme wa nchi. Hiki ni kisima cha mtu binafsi. Si mlimwambia ajilishe? Basi anajilisha. Yeye hana la kuwadai, na nyinyi hamna la kumdai."

Ngiri akageuka kurudi malishoni.

Waliokuwa na nguvu wakaenda kutafuta mafungu matatu. Waliokuwa hawana wakakaa chini.

Bi Paa alifika asubuhi ya siku iliyofuata, Tunu akijikokota nyuma yake.

"Sina fungu," alimwambia Mbweha. "Nina mtoto."

"Kila mtu hapa ana mtoto, Bi Paa. Mafungu matatu."

"Nitaleta. Mwache anywe yeye kwanza, mimi nitaleta."

"Ukileta, atakunywa."

Bi Paa akamlaza Tunu kwenye kivuli cha mwamba.

"Mama," alisema Tunu, "nasikia harufu ya maji."

"Ndiyo, mwanangu. Yako karibu. Nakwenda, narudi."

Akaenda. Alitafuta asubuhi yote, akapata fungu la kwanza. Jua likawa la utosi. Alitafuta tena, akapata fungu la pili, nusu yake miiba. Jua likainama. Alitafuta tena, akapanda mahali ambapo paa hapandi, akapata fungu la tatu. Akarudi mbio, majani mdomoni, hata kuomba dua kwa sauti hakuweza, akaomba moyoni.

Alimkuta Tunu amelala pale pale alipomwacha. Uso alikuwa ameuelekeza kisimani. Mungu alikuwa ameshamchukua.

Bi Paa akakaa naye kidogo. Kisha akainuka, akayabeba mafungu yote matatu, akayaweka miguuni pa Mbweha.

Mbweha akahesabu. "Matatu. Haya, mlete mtoto."

"Haji."

"Mbona?"

"Amekufa."

Mbweha akayatazama majani, akamtazama Bi Paa. Kwa mara ya kwanza hakujua ayapokee au ayaache.

Mfalme akasikia, akaja. Akamwona mama, akamwona mtoto pale mwambani, akayaona mafungu.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Nilikuja kwako mara mbili," alisema Bi Paa. "Mara ya pili uliuliza nani huyo. Ukaambiwa ni fungu."

"Ungepaza sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii, mfalme. Mama yangu naye alikuwa na sauti kama hii, na baba yako alikuwa akimsikia. Alimsikia kwa sababu kichwa chake kilikuwa shimoni, karibu na vichwa vyetu. Wewe tulikupandisha kilimani kwa mikono yetu. Kisha tukakuteremsha kwa hasira. Mara zote mbili hatukukuuliza habari ya kisima. Na wewe hukujiuliza."

Mfalme akaenda pale mwambani, akaichimba ardhi kwa mkonga wake, akamzika Tunu. Alipomaliza alimgeukia Mbweha.

"Ondoka katika nchi hii."

Mbweha akaondoka. Mpaka leo anaishi pembezoni, anakula alichoacha mwingine, na akisikia hatua anakimbia.

Kisha mfalme akaurudia mto mpaka kwenye kisima cha baba yake. Akachimba. Mchanga wa miaka mingi ulikuwa mzito, na yeye alikuwa mnene, akahema. Wanyama wakaja mmoja mmoja, wakasimama mbali. Ngiri alikuja na fungu. Akasimama nalo, hajui alipeleke wapi, kilimani au alirudishe nyumbani kwake.

"Nilipe nani?" alimuuliza Bi Paa.

"Weka ukingoni," alisema Bi Paa. "Akichimba, ale. Asipochimba, chukueni fungu lenu mrudi nalo. Na asiye na fungu anywe vilevile. Hilo msilisahau."

"Na wageni wakimwona na tope mwili mzima?" aliuliza Fisi.

"Wakaribisheni maji."

Hiyo ikawa sheria ya nchi ile. Maji yalipotoka, wanyama walimpisha Bi Paa.

"Kunywa wewe kwanza, shemeji," alisema Ngiri.

Bi Paa aliyatazama maji kwa muda. Yalikuwa mengi, yalikuwa safi. Akainama, akanywa, kwa sababu mwili huomba maji hata moyo ukiwa hautaki. Kisha akasogea kando, akawapisha watoto wa wenzake.

Ndugu zangu, ngano hii inatufunza hivi. Mkimlisha mkubwa wenu, mlisheni mahali mnapoiona kazi yake, na siku kazi ikikoma mumwambie, hata kama kumwambia ni vigumu. Mkimnyima kwa hasira, bila kuuliza kazi yake itafanywa na nani, mtamkuta mbele anawauzia kile alichokuwa anawapa. Na mkubwa naye ajue kwamba kila fungu lina mwenyewe aliyelibeba, na huyo mwenyewe ana jina, na pengine ana mtoto mwenye kiu. Siku ya hesabu ataulizwa.

Ngano yangu imekomea hapo. Mkiwa mmepata jema ndani yake, nendeni nalo nyumbani.

Tunakwenda nalo.

Mkiwa mmepata zito, niachieni mimi.

Hapana, tutalibeba pamoja.

Basi Mungu awalipe. Lalani salama.