Unyayo wa Fuko

Paukwa!

— Pakawa!

Alikuwepo nani?

— Wote walikuwepo!

Na aliyesahauliwa?

— Hata yeye alikuwepo!

Basi sogeeni. Bi Tunu, weka chini hizo karanga, zinanimezea sauti.

Hapo kale, katika nchi kavu, palikuwa na bwawa moja tu. Mwenyekiti wa bwawa alikuwa Kiboko. Alijichagua mwenyewe, kisha akajipongeza.

Baraza la bwawa lilikuwa na desturi yake. Mlangoni palikuwa na tope laini. Kila anayeingia huacha unyayo wake hapo, na Korongo, karani wa baraza, huhesabu nyayo. Mwenye unyayo amefika, ana sauti. Asiye na unyayo hajafika, hata kama amesimama mbele yako anakohoa. Wakubwa walipita katikati. Wadogo walipangiwa pembe ya kushoto. Na Kiboko, aliyeingia wa mwisho kila siku, alipitia wapi? Pembe ya kushoto. Pwata!

Kutoka bwawani ulikwenda mfereji mwembamba hadi kwenye mashimo ya wadogo. Aliuchimba mke wa Fuko, kwa kucha zake, kiangazi kizima. Alikufa siku tatu kabla ya maji kufika. Fuko akabaki na watoto wanne, na mfereji.

Kiboko akatangaza: "Maji yananiishia kiunoni. Nayataka mgongoni. Tutakaa siku tatu, na siku ya tatu tutaufunga ule mfereji."

Siku ya kwanza Fuko akatoka ardhini, kwaru, kwaru, kwaru. Akaweka unyayo wake pembeni, mdogo kama punje ya kunde. Kiboko akaja nyuma yake. Pwata!

Korongo akahesabu: "Tembo yupo. Nyati yupo. Swala yupo."

"Na mimi nipo!"

"Nani anasema huko chini?" akauliza Kiboko.

"Mimi, Mheshimiwa. Fuko."

"Sioni unyayo. Hujafika. Na hata ungefika, wewe ni mnyama au kiazi?"

Wakubwa wakacheka mpaka Nyati akapaliwa.

Siku ya pili Fuko akatoka tena, kwaru, kwaru, kwaru. Akaweka unyayo. Kiboko akaja. Pwata!

"Tembo yupo. Nyati yupo. Swala yupo."

"Na mimi nipo!"

"Sioni unyayo. Hujafika."

Baraza lilipovunjika, Fuko akamfuata Korongo. "Bwana karani, umeona kwa macho yako akitukanyaga."

"Nasikitika sana, ndugu yangu," akasema Korongo. "Hata kwenye taarifa nimeandika jambo hilo kwa urefu. Nimeandika kwamba wadogo hawapendi mikutano."

"Uliwauliza?"

"Nitawauliza vipi, nao hawamo kwenye orodha?"

Fuko akamwacha hapo. Alikwenda kwenye mfereji, akanywa kidogo, akawanywesha watoto wake. Kisha akaingia ardhini chini ya pembe ya kushoto, akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru. Akapumzika. Kwaru, kwaru. Hakuacha mpaka juu pakabaki ganda jembamba la tope, la kumbeba panya na si zaidi.

Siku ya tatu akaweka unyayo wake katikati ya ganda lile. Kiboko akauona, akatabasamu.

"Bado unakuja tu, kiazi?"

"Bado nakuja, Mheshimiwa."

Kiboko akainua mguu. Pwa—

Puu!

Akazama mpaka kwapani. Akavuta huku, tope likamvuta kule. "Nitoeni! Karani, hesabu, tufunge mfereji, kisha mnitoe!"

Korongo akanyoosha shingo, akatazama. Akatazama tena. "Tembo yupo. Nyati yupo. Swala yupo..."

"Na mimi!"

"Mheshimiwa, naona shimo. Unyayo sioni."

"Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini hujafika."

Safari hii aliyecheka wa kwanza ni Nyati.

Fuko akajipangusa tope, akaweka unyayo mpya, palepale katikati wanapopita wakubwa. Nyuma yake akaja Panya, akaja Mjusi, akaja Kobe, wakaja watoto wanne wa Fuko. Hapakuwa na wa kuwakanyaga. Korongo akahesabu mpaka shingo ikamuuma.

"Mfereji ufungwe?" akauliza.

Tembo akatazama chini, akaona nyayo zimejaa. Akasogea kando.

"Usifungwe!" wakajibu wadogo.

Kisha Fuko akamchimbua Kiboko. Ilimchukua siku mbili. Hakuharakisha.

Kila kiangazi maji hupita mferejini, na watoto wa Fuko wakiuliza ni ya nani, yeye husema: ya mama yenu.

Sasa funzo, sikilizeni vizuri. Mdogo ukikanyagwa, tulia. Heshimu desturi, ngoja uhesabiwe, na kamwe usichimbe karibu na miguu ya mwenyekiti.

— Aa, mzee! Hilo ndilo funzo?

Ndilo, Bi Tunu. Kiboko mwenyewe ndiye aliyeniomba nilitangaze, na alikuwa bado ana tope masikioni.

Hadithi yangu imepita mlangoni. Alikuwepo nani?

— Wote walikuwepo!

Na aliyechimba?

— Hata yeye alikuwepo!

Mwandikeni.